Kilio cha mama mukubwa ambaye yuko muzima

Kalemie, Jumapili, kisha misa

Feza mutoto wangu,

Hii barua utaisoma ukiwa umefika Moba kwa mama mukubwa, njo maana nakusalimia kama muntu ambaye yuko mbali tayari, hata kama begi yako ingali hapa karibu na kitanda na wewe umetoka tu kwenda kuaga wenzako wa kwaya. Jambo sana, mama. Papa yako anakusalimia. Amekaa inje pa kibaraza, miguu inamuuma lakini si kama juzi. Kambo Veronika, muzee wetu wa nyumba, anakusalimia. Yeye ananiuliza kila saa kama umekwisha kwenda, namuambia bado, anasema basi nikusalimie hivyo hivyo. Mudogo wako Solanje anakusalimia. Anajifanya hana huzuni, lakini zile sahani ameziosha mara tatu. Bibishe wetu mudogo anakusalimia na anasema usisahau viatu vyake vya misa, vyekundu, na kama vyekundu hakuna basi usilete. Majirani wa huku nyuma wote wanakusalimia. Na mimi mama yako nakusalimia wa mwisho, maana njo mimi niko na neno.

Sitaandika juu ya baridi ya ziwa wala juu ya kukula. Uko na miaka makumi mbili na munane, na ulianza kujipikia ukiwa na saba, juu mimi nilikuwa ku soko. Naandika jambo ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso tangu siku tano. Kwa simu pia ningeshindwa. Ungesema, "Mama, iko nini?" na mimi ningesema, "Hapana kitu," kama ninavyofanyaka. Daftari hii nimeomba kwa Solanje. Mwandiko utausamehe, unajua nilifika mwaka wa tatu tu wa primeri.

Basi jambo ni hili. Mu biro yenu wote wanajua kama mama mukubwa Marselina amekufa. Ni mimi niliwaambia.

Weka barua chini kidogo, umuangalie. Najua yuko hapo karibu, anakulazimisha kukula tena. Yuko muzima, na Mungu amuchunge. Halafu rudi usome, nikueleze namna nilivyomuua dada yangu kwa mudomo bila muntu kuniomba.

Ile Jumatatu ulipopeleka barua yako ya kuacha kazi kwa Direktere, ulirudi ukakaa na mimi pa jiko, ukasema, "Mama, nimeitoa." Ulikuwa unacheka. Papa yako akasema, "Vizuri." Mimi nikasema mboga inaungua. Haikuwa inaungua.

Kesho yake nilishinda pa meza yangu ku soko, watu wananunua ndakala, nawapimia wale samaki wadogo kopo kwa kopo, lakini kichwa kiko mu biro yako. Nakiona kile kiti chako karibu na dirisha, na muntu mwingine amekikalia. Miaka sita ulikaa pale, unaandika mizigo ya watu, gunia zinazopanda boti na gunia zinazoshuka. Hapa njiani kwetu wananiita Mama ya Biro. Nilipenda lile jina, Feza. Nilipenda kupita nalo mbele ya wenzangu.

Jumatano nikakamata kuku wetu mweupe na samaki, mikebuka mitatu mikubwa ya moshi, nikaenda kwa Mama Direktere. Ulipopata kazi nilienda kumushukuru vile vile, kwa hiyo mulango niliujua. Njiani nilikuwa nimepanga maneno: mama, mutoto wangu amekosea, mumuvumilie. Hayo tu. Lakini nilipofika akanipa kiti kizuri na maji ya baridi, akasema, "Mama Feza, mutoto ana nini? Papa Direktere anasema ameandika kama anaacha kazi. Kuna muntu amemutukana mule ndani?"

Ningemuambiaje kama unaacha kiti cha biro kwa kwenda kuanika ndakala kule Moba? Nikasikia mudomo wangu unasema, "Mama, mutoto yuko na kilio. Dada yangu wa Moba ametutoka. Ile barua aliandika na kichwa ambacho si chake."

Unajua watu wetu. Ukiomba konje ya ugonjwa, ukae nyumbani bila kazi, watakuuliza karatasi ya munganga. Ukiomba konje ya arusi watakuambia ngoja mwezi unaokuja. Lakini konje ya kilio hakuna shefu anayeikatala, hata awe na roho ya chuma. Sikuwa nimeifikiri kabla. Ilikuwa pale tu, kama mukono unavyojua kopo ya chumvi iko wapi hata ukifumba macho. Mama Direktere akashika mudomo. Akalia, Feza. Akamulilia Marselina ambaye hajawahi kumuona hata siku moja. Akasema, "Aende azike mama yake. Tunamupa siku makumi mbili. Ile barua itabaki mu meza ya papa, haitiwi kashe, ule muhuri wa biro. Akirudi tutaipasua."

Nilitoka pale na furaha. Sitakudanganya tena: nilifurahi. Ilikuwa mpaka nafika pa muto Lukuga njo nikasikia nilichosema.

Na wewe siku ile ile ukarudi, ukaniambia, "Mama, Direktere ni muntu muzuri kweli. Amenishika na mikono miwili. Amesema niende na amani, tutaongea nikirudi." Ulifikiri anaheshimu shauri ulilokata. Nilikuwa nasonga bukari. Nikaendelea kusonga.

Jana sasa. Ulikuwa ku bandari kutafuta nafasi ya boti, na wao wakaja. Watu saba wa biro yenu, Mama Eliza mwenye kuchunga ile kashe mbele, wengine nyuma na unga na bidoni ya mafuta mekundu ya ngazi na gunia nusu ya sukari. Nikaona kilio chenyewe kinaingia mu uwanja wa lupango wangu na miguu yake. Nikakimbia kutoa viti. Nikafunga kitambaa ku kichwa haraka, juu nilikuwa nimesuka nywele Ijumaa, nang'aa mafuta kama muntu anayeenda arusi.

Mama Eliza akanikumbatia. "Pole sana, Mama Feza. Tulisema tusingoje. Feza yuko wapi?"

"Ameenda kutafuta boti."

"Maskini. Na mama mukubwa alikufa na nini?"

Nikasema, "Tumbo."

"Eh, tumbo," akasema yule papa mufupi wa magazini. "Tumbo inamaliza watu. Na alikuwa na miaka ngapi?"

Hapo nikamuongezea dada yangu miaka kumi. Sijui kwa nini. Pengine nilifikiri akiwa muzee zaidi zambi itapungua. Naona hilo la miaka njo litamukasirisha kuliko kufa kwenyewe.

Kambo Veronika akaita kutoka ndani, "Nani amekufa?" Solanje akaanza kuimba kwa sauti, akafunga mulango. Halafu wote wakamugeukia papa yako pale pa kibaraza, wakangoja, maana njo yeye mwenye nyumba na njo yeye wa kujibu. Alikuwa amesikia yote. Mimi niliangalia chini. Nilijua akisema neno moja nimekwisha. Papa yako akainuka, na unajua kuinuka kunamusumbua namna gani. Akasema, "Tunawashukuru. Mumefanya kazi ya ndugu. Marselina alikuwa muntu wa kucheka sana." Akakaa.

Mama Eliza akafurahi. Akasema, "Na jina lake tumekwisha kulipeleka ku parokia. Jumapili inayokuja litasomwa na majina ya wafu wengine."

Walipoondoka nilibaki nimesimama na ile bidoni mukononi. Nilingoja papa yako anitukane. Hakunitukana. Aliangalia ile sukari, akasema polepole, "Hii ni mara ya pili, Mama Feza." Akaingia kuoga.

Miaka makumi mbili na mbili, mutoto wangu, nilikuwa nafikiri hajui mara ya kwanza.

Hiyo ya kwanza hakuna mutoto wangu anayeijua, basi nakuandikia wewe. Ulikuwa na miaka sita. Papa yako alikuwa mekanisie mu atelye ya reli, na siku za Jumapili wavuvi walikuwa wanamuletea moteri za boti. Walizibeba mabegani, watu wawili, kama vile wanaleta mugonjwa. Pale penye kuna mupapai sasa, kulikuwa na pipa kubwa la maji; alikuwa anaitia moteri mule ndani, inanguruma, maji yanaruka, na wewe unapiga makofi. Wale wavuvi Wabembe wa upande wa kaskazini walimupenda sana. Wakamuambia, "Papa, acha reli. Tuko na hangari pa ufuo, kaa pale, moteri zote za huku ni zako."

Akaja kwangu. Akanieleza yote, vyombo alivyonavyo, vile anavyokosa, kijana gani atamufundisha. Uso wake ulikuwa kama wako ile Jumatatu pa jiko. Akasema, "Mama Feza, unasema nini?"

Nikamujibu, "Tutaona." Na siku ya kesho nikavaa kitenge changu cha misa, nikaenda kwa kaka yake mukubwa. Nikamuambia, "Shemeji, mudogo wako anataka kuacha kazi ya reli akapake grisi pa muchanga na wavuvi."

Shemeji alikuja Jumamosi, siku ya posho, na wajomba wawili, kama vile walikuwa wanapita tu. Wakakaa. Wakasifu chai yangu. Halafu wakaanza kuongea juu ya baba yao aliyefanya kazi ya reli, na juu ya nyumba ya reli, na namna muntu wa reli anavyoheshimiwa hata akiwa amekufa. Hawakumutukana. Shemeji alimuuliza tu, "Mudogo wangu, kuna kitu kinakusumbua mu kichwa?" Na papa yako alinyamaza. Kumukatalia mukubwa wako mbele ya wajomba, kwetu nani anaweza? Mimi nilikuwa naongeza chai. Nilikuwa nazunguka na ile birika, natumika vizuri, na moyo wangu umetulia kabisa.

Akabaki ku reli. Treni ikaanza kuja siku inayotaka yenyewe. Vyuma vya kutengenezea havikufika. Kila asubuhi alivaa ile ovaroli ya bluu niliyoipiga pasi, akaenda akakaa mu atelye na wenzake wakiongea, akarudi ovaroli ikiwa safi. Hiyo njo ilikuwa inaniuma, ile usafi. Nilikuwa naifua hata kama haina uchafu, nisionekane nimegundua. Hangari walimupa muntu mwingine, ambaye papa yako alimufundisha yeye mwenyewe kufungua karburateri.

Na nyinyi watoto mulikuwa munacheka naye pa kibaraza. Boti ikipita anainua kichwa: "Ile iko nakohoa, buji ni mubaya." "Ile wameitilia mafuta mingi." Mulishindana naye, na wewe ulikuwa unashinda pengine. Mimi nilikuwa naingia ndani natafuta kazi.

Nilijiambia nilifanya vile juu yenu, mukule. Na ni kweli niliogopa njaa, nilikuwa nimezaliwa mu njaa, naijua. Lakini haikuwa njaa peke yake. Niliogopa pia kuitwa bibi wa fundi wa ufuo. Na juzi, kwa Mama Direktere, niliogopa kupoteza lile jina la Mama ya Biro. Muntu anaweza kukaa na woga wake miaka mingi akiuita mapendo, na hakuna wa kumukatalia, juu unafanana nayo kabisa.

Jana papa yako alipotoka kuoga nikamufuata. Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akasema, "Kaka aliniambia ile ile wiki. Alifikiri nitafurahi niko na bibi mwenye akili."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Njo mimi nilinyamaza mbele yao. Mudomo ulikuwa wangu." Akajipanguza masikio, unajua namna anavyokawia hapo. "Ile yangu tuliifanya wawili. Lakini huyu mutoto hakunyamaza, Mama Feza. Yeye aliandika barua, akaipeleka mwenyewe."

Nikamuambia basi Jumatatu naenda kwa Direktere, namuambia atie kashe, yaishe. Akasema, "Ukienda tena bila kumuuliza Feza, itakuwa ya tatu."

Njo maana niko naandika.

Wewe pia uliniuliza, kwa maneno ya papa yako bila kujua. "Mama, unasema nini?" Mara ya kwanza ilikuwa wakati wale wamama wa Kigoma walikuonyesha namna wanavyoanika juu ya vichanja, na wewe ukarudi unaongea mbiombio, hukukula. Nilisema tutaona. Mara ya pili ilikuwa ulipotengeneza kichanja chako cha kwanza hapa nyuma, miti mine na wavu juu yake. Nikaita majirani. Nikasema, "Njooni muone bibi arusi, ndakala imetandikiwa kitanda." Mama jirani akauliza kama itahitaji pia mutungi wa maji na sabuni. Wote wakacheka, na wewe ukacheka nao. Mara ya tatu nilisema kichwa kinaniuma.

Sasa nikuambie kitu juu ya ile siku ya kichanja. Papa yako alikamata ndakala yako moja, akatafuna polepole, akasema, "Haikwaruzi meno." Nilikasirika mpaka mikono ikawa ya moto. Wewe ulifikiri nilikasirika juu wavu ulikuwa mupya. Hapana. Nimeanika pa muchanga tangu nikiwa binti, kama wamama wote wa hapa, na kila muuzaji anajua, hata kama hasemi, muchanga kidogo ikibaki inasaidia kopo kujaa. Nimeuza hivyo. Wateja wanaosha, wanalalamika, wanarudi kununua tena, juu hakuna kwingine. Sikuona kama ni kitu kibaya mpaka ulipoileta ile yako, inang'aa kama sindano, haina kitu ndani yake isipokuwa samaki. Nikaona aibu, na ile aibu nikaigeuza mucheko wa majirani.

Usiwaze juu ya nyumba itakula nini bila biro. Nyumba ilikula mbele ya biro. Minerval ya masomo ya Solanje niko naifikiria, na hata nikishindwa ni mimi nimeshindwa, usiiweke ku mizani yako. Nimekwisha kukuwekea vitu vingi ku mizani bila kukuambia.

Sasa angalia vile mambo yanavyokaa, nisikuache mu giza. Barua yako kwa Direktere haina kashe. Kiti chako kiko tupu, kinakungoja, na hakuna muntu mu biro anayejua kama ulitaka kukiacha kweli, wanafikiri tu ulishikwa na uchungu wa kilio. Na Jumapili inayokuja jina la dada yangu litasomwa ku altare. Hiyo siwezi kuiacha. Ijumaa nitarudi kwa Mama Direktere na nitamuambia kama hakuna aliyekufa, niliyesema ni mimi, wewe hukujua kitu. Kutoka pale nitaenda kwa Mama Eliza, alitoe lile jina. Vitu vyao nitavirudisha. Bibishe amekwisha kuilamba sukari pembeni, nitaongeza. Namna watakavyoniangalia nitaangaliwa tu. Hiyo ni yangu.

Lakini nikisema ukweli Ijumaa, Direktere anaweza kukasirika akatia kashe saa ile ile. Basi kutoka siku unayosoma hii mpaka Ijumaa kiti kingali chako, na ni wewe peke yako mwenye kukigusa. Mupigie simu wewe mwenyewe, mbele ya mimi kwenda. Ukitaka kurudi, muambie unarudi, na umuambie pia kama mama yako alisema uongo. Akisikia kutoka kwako pengine atavumilia. Ukitaka kuacha, muambie atie kashe, na hapo utakuwa umeacha kazi kweli, na macho wazi, si kama sasa ambapo nimekufunga kamba ku mugulu na wewe unafikiri unatembea.

Ningekupa hii barua leo. Lakini nakujua, ungetupa begi chini ukimbie kwa Direktere na hasira, na boti ikuache. Nimeona afazali ufike, uone ule uwanja wa mama mukubwa karibu na maji, uone jua lake na watu wake, halafu ukate shauri. Pengine hata hiyo ni kukuamulia. Kama njo hivyo, unisamehe na hiyo pia. Papa yako anasema kuchelewesha barua hivi kunaruhusiwa, lakini alisema akiwa anacheka kidogo.

Mama mukubwa usimuambie wewe. Nitamupigia mimi mwenyewe, unipe siku moja ya kujikaza. Akinitukana nitanyamaza, ana haki. Wamama wa hapa wanasema kumutangaza muntu muzima kama amekufa kunamuitia ugonjwa, na mimi siamini maneno hayo, lakini ukimusikia anakohoa, ao anasema tumbo, uniambie.

Lile swali lako, "Mama, unasema nini?", bado nakuwia jibu. Nimekaa nalo tangu jana. Nikisema usiende, najua ni woga wangu unasema, ule ule wa miaka yote. Nikisema nenda, naogopa ni hatia inasema, nataka kukulipa wewe kile nilichomunyima papa yako, na hiyo haitakuwa haki, juu wewe si papa yako na ndakala si moteri. Mwezi ukiwa mukubwa wavuvi hawapati kitu, utakaa wiki nzima unaangalia vichanja vitupu. Mvua itakuja mara moja mangaribi, itaharibu kazi ya siku mbili. Wanunuzi wa Lubumbashi watakusifu na hawatarudi. Hayo yote ni kweli na nimeyaona na macho yangu, na wewe umeyasikia tangu utoto ukiwa chini ya meza yangu ku soko.

Nikiondoa woga nikaondoa na hatia, kinabaki kitu kidogo sana ambacho nakijua bila shaka. Ndakala yako ni safi kuliko yangu. Nimeionja tena leo asubuhi, peke yangu, nyuma ya nyumba. Mutoto wangu, hiyo njo yote ninayoijua. Mengine sijui, na safari hii sitajifanya najua.

Nasikia sauti yako kule njiani, unacheka na wenzako, basi namaliza. Nitaiweka hii ndani ya kile kitenge unachomupelekea mama mukubwa.

Utakapomaliza kuisoma, nijibu upesi. Piga ku simu ya Solanje. Nitaiomba nikae nayo ku soko kutoka Jumatano, nitaiweka ndani ya nguo nisikose kuisikia. Useme tu umemupigia Direktere ao hapana, na umemuambia nini. Usinipunguzie kwa kunihurumia. Kama umekasirika mpaka hutaki kunisikia, ongea na papa yako, yeye ataniambia. Ijumaa saa tatu ya asubuhi nitakuwa nimekwisha kufunga kitenge niende. Piga mbele ya saa hiyo, mama. Hata neno moja.

Ni mimi mama yako,
Anjelani